Harusi hufuata mwezi, maua hufuata pepo

Juzi alinijia binti mmoja, shoga yake mwanangu, na simu mkononi anionyeshe shada analolitaka. Pioni. Maua mapana yaliyofumbata petali juu ya petali kama leso iliyofinywa kiganjani. Nikamwambia, "Mwanangu, ua hili halitoi tumba mpaka lipigwe na baridi ya kweli. Baridi yetu Mombasa ni ile ya kutafuta shuka saa tisa za usiku." Akacheka, ila nilimwona amenywea. Nikamuuliza ninaloliuliza siku hizi kabla hata ya kutaja bei: harusi ni lini?

"Shaaban ijayo."

Hapo ndipo penye kazi. Sisi twaoza Shaaban ili mtu asiingie Ramadhani mpweke, ama twangoja Idi ipite tuoze Mfunguo Mosi. Lakini miezi hiyo husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na ua halijui Shaaban wala Mfunguo. Ua lajua kaskazi, masika, kusi na vuli. Mwaka 2016 Shaaban ilikuwa Mei, masika yamepamba moto, mashada tukayatoa nyumbani hadi garini chini ya karatasi za nailoni. Mwaka huu wa 2026 ilikuwa mwisho wa Januari na Februari, jua la kuchoma kichwa. Mwezi ule ule, maua mbali kabisa.

Bibi yangu aliyenifunza kutunga asumini hapa Kibokoni hakuwahi kufunga shada la kushikwa mkononi. Zama zake bi harusi alivaa koja la maua shingoni na kikuba, kile kifurushi kidogo cha maua na majani ya kunukia, na asumini za nywele, basi. Shada nimelianza mie, kwa kuwa mabinti wanalitaka la picha. Ila mpaka leo nachagua maua kwa hesabu yake yeye ya pepo.

Kaskazi, upepo wa miezi ya joto, Desemba mpaka Machi, ndiyo neema ya asumini, bora mti umwagiliwe. Hutundwa saa kumi, saa kumi na moja jioni, tumba limekuwa jeupe na halijafunguka. Likishafunguka umechelewa, kwani asumini hufunguka usiku na alfajiri imeshalegea. Kwa hivyo harusi ya asumini ni ya usiku. Akija mtu na shughuli ya saa nne asubuhi akataka shada la asumini namkatalia, namtilia vitumba vichache pembeni kwa harufu tu. Tumba nazilaza katika jani la mgomba lenye unyevu, kisha kitambaa chepesi juu. Jokofuni sizitii, hugeuka rangi ya chai.

Kaskazi ina adui wake lakini, na mie nilimjua kwa hasara. Miaka kadhaa nyuma nilipokea karnesheni nyeupe kutoka bara, mikungu mizima, nikaziweka chumba cha nyuma kwenye kivuli. Chumba hicho hicho mume wangu alikuwa ametandaza maembe aliyoletewa kutoka shamba, boribo na ngowe, yaivie humo. Asubuhi karnesheni zote zimejikunja kama zimelala usingizi, na hazikuamka. Nikamlaumu aliyeniuzia, nikampigia simu kwa maneno makali. Kumbe tunda linapoiva hutoa gesi, ethilini, na ua likiivuta hudhani nalo muda wake umekwisha. Karnesheni ni dhaifu mno kwa gesi hiyo. Nilimpigia tena yule bwana nikamtaka radhi. Maembe sasa yana chumba chake, na msimu wa maembe ndio huo huo wa kaskazi, kwa hivyo uangalie.

Na waridi? Watu wengi wanadhani waridi halina msimu. Kweli, huko Naivasha hulimwa ndani ya mahema ya plastiki mwaka mzima. Lakini soko lina msimu wake. Waridi jekundu la mwanzo wa Februari lina mwenyewe Ulaya, kwa ajili ya siku ya wapendanao, na linalobaki nchini bei yake si ya mtu wa kawaida. Sasa fikiria: 2024, 2025 na 2026, miaka mitatu mfululizo, tarehe 14 Februari imeangukia ndani ya Shaaban. Kila bi harusi anataka jekundu, na jekundu halishikiki. Miaka hiyo nilipamba kwa waridi jeupe na la rangi ya malai, yaani krimu, nikazungushia mrehani na asumini. Wengine walinuna, kisha wakaziona picha.

Masika ni wakati wa majani. Mvua huzipiga tumba za asumini zikatia madoa ya kahawia, lakini mrehani hujaa uani kote, krotoni hung'aa, na tangawizi nyekundu na helikonia hutoka kwa fujo. Hayo ni maua ya kiume, mazito, hayafai kikuba. Ila shada kubwa la mezani likiwa na helikonia tatu na majani ya mgomba halihitaji kitu kingine, na hukaa wiki nzima. Faida nyingine ya masika ni maji. Visima vyetu vina chumvi, na shina likinywa maji ya chumvi ua hunyauka upesi. Mie hukinga ya mvua kwa mapipa.

Kusi likiingia, Juni mpaka Agosti, asumini huwa za kuhesabu. Mti uleule ulionipa bakuli zima sasa wanipa kiganja. Wakati huu ndio nalipenda waridi. Ulaya wana kiangazi chao na maua yao bustanini, hawanunui sana yetu, na mashina marefu ambayo Februari nayasikia tu hunifikia huku pwani. Dosari ni baridi ya bara. Julai huko waridi hukua polepole, na unyevu huleta ukungu wa kijivu, vidoa vidogo kama vya chai kwenye petali za nje. Basi mie sinunui kwa macho. Nalibonyeza ua shingoni, pale petali zinapokutana na kikonyo: likiwa gumu ni la juzi, likibonyea lina siku zake. Na vidoa navitafuta kwanza, kabla sijaamkiana na muuzaji.

Vuli nina machache ya kusema. Alizeti fupi, zinia, na yale maua ya manjano ambayo Wahindi hutungia mapambo ya Diwali, ambayo ukipanda mbegu mwisho wa kusi utayachuma yakiwa mengi. Wao hesabu yao ni ya mwezi pia, ila huongeza mwezi mmoja kila baada ya miaka kama mitatu, basi Diwali haitoki Oktoba na Novemba. Nawaonea wivu. Mkrismasi nao huwaka mwekundu mwisho wa vuli, na kila mwaka kuna mtu anayeniletea tawi lake. Haushiki maji. Ukifika nyumbani umeshapukutika.

Kuna ua moja sijaliweka kwenye pepo yoyote, nalo ni kilua. Nikilipata nalichukua, liwe la msimu gani. Ni la kwetu hasa, mti wake huota pwani ya Kenya na Tanzania, na wataalamu wa mimea walipouandika mwaka 1970 waliuita kwa jina letu, Mkilua fragrans. Halina sura. Ukiliweka shadani hakuna atakayelipiga picha. Lakini lifiche katikati, karibu na mkono wa bi harusi, kisha ungoja ukumbi upate joto.

Turudi kwa yule binti. Tulikaa na kalenda. Shaaban ya mwakani itaingia karibu na tarehe 9 au 10 Januari na kwisha wiki moja hivi kabla ya siku ya wapendanao. Nikamwambia achague wiki ya kwanza ya Shaaban, kabla wanunuzi wa Ulaya hawajaanza kujaza masanduku, na mie nitamfungia waridi pana la rangi ya malai lililofunguliwa kwa mkono petali moja moja, ambalo kwa mbali hata yeye ataliita pioni. Asumini zitakuwa tele. Kilua nitamtafutia.

Jana usiku mama yake kanipigia. Rangi wameikubali, harufu wameikubali. Ila tarehe, baba mtu asema, itaamuliwa na ukumbi.