Pumzi ilipokata Goma: jinsi nilivyopona bila dawa

Nilikuwa nimetoka Mombasa kumtembelea shemeji Goma, Kongo. Alfajiri tulivu nikashuka kwenye shimo la mawe ya volkano nyuma ya nyumba kuokota shati lililoanguka kutoka kambani. Nilipoinama tu, pumzi ikakata, kichwa kikagonga, magoti yakalegea. Nina presha, nikajua ni moyo.

Mama jirani akapiga kelele: "Papa, panda juu! Huko kuna mazuku!"

Nikapanda kwa kutambaa. Juu, kwenye upepo, pumzi ikarudi. Zahanati walinipima presha na oksijeni kidoleni: sawa.

Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi itokayo ardhini, nzito kuliko hewa, haionekani, hujaa mabondeni upepo usipovuma. Shemeji amezungushia shimo senyenge. Watoto na mbuzi huvuta hewa ya chini, ndio huzidiwa kwanza.