Deni la Samaki na Amani ya Altareni

Imani ya Mkristo, kwa maoni yangu, hudhihirika zaidi pale anapodaiwa na mtu mnyonge kuliko yeye, mtu asiye na namna ya kumlazimisha alipe. Hapa Malindi mtu huyo mara nyingi ni mama karanga, yaani mwanamke anayenunua samaki ufuoni vyombo vinaporudi, akawapaa, akawatia chumvi na kuwakaanga, kisha akaketi jioni kando ya njia akiwauza. Mtaji wake ni wa siku moja, kwa kuwa pesa za samaki wa leo ndizo zitakazomlipa mvuvi kesho alfajiri. Msimu wa kusi unapoingia, bahari ikachafuka na madau mengi yakabaki yamefungwa, samaki hupanda bei na faida yake huwa shilingi chache mno.

Mmoja wao ni jirani yangu, naye ni Mwislamu. Jioni moja nilimsikia akimwambia kwa upole mama mmoja tunayesali naye, "Mama, zile mia na hamsini za wiki jana sijaziona kwenye simu." Yule mama alimjibu kwamba Mungu atafungua njia, akachukua vipande vingine viwili vya nguru, akaenda zake. Jirani yangu aliwageuza samaki waliobaki karaini, akafungua mkebe wake na kuanza kuzihesabu upya sarafu alizokuwa amekwisha kuzihesabu.

Mungu hufungua njia kweli, na mimi naliamini hilo, lakini pesa za yule mama karanga zilikuwa mkobani mwa aliyekuwa akimtaja Mungu. Mambo ya Walawi sura ya 19 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi, na Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anasema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na vilio vya waliovuna vimemfikia Bwana. Wengi wetu tunayasoma maneno hayo kana kwamba yanawahusu wenye mashamba makubwa tu, ilhali nyumbani tuna binti aliyetoka Ganze au Marafa, anayeamka kabla yetu na kulala baada yetu, na mshahara wake husogezwa mbele kila ada za shule zinapotubana. Kumwita mwanangu ni vizuri, lakini kumlipa siku tuliyoahidi, na kumketisha mezani pamoja nasi, ndiko kunakolipa jina hilo uzito.

Mji huu umewatazama Wakristo kwa muda mrefu. Mwaka 1542 mmisionari Fransisko Ksaveri alipita hapa akielekea Goa, akamzika mtu mmoja aliyefia chomboni, na katika barua yake alieleza kwamba Waislamu wa mji walipendezwa na jinsi Wakristo wanavyowazika wafu wao. Mmoja wa wakubwa wao alitaka kujua kama Wakristo wa huko kwao Ksaveri huenda kanisani na kusali kwa bidii. Mimi huona kwamba swali hilo bado linaulizwa, ila siku hizi jibu linatafutwa dukani, kwenye foleni ya maji na kwenye matanga. Na baada ya msiba wa Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa, na tangu mwaka 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa katika kaunti hii yetu ya Kilifi, hatuwezi kuwalaumu majirani wanaotaka kwanza kuona tunavyoishi na watu kabla ya kusikiliza mahubiri yetu.

Katika Mathayo sura ya 5, Yesu anamwagiza anayetoa sadaka aiache mbele ya madhabahu akapatane kwanza na ndugu yake. Jambo linalonigusa ni kwamba hakuzungumzia kinyongo cha mtoa sadaka, bali malalamiko ya yule mwingine, yule ambaye huenda hata hayumo kanisani. Kwa hiyo tunapopeana mikono ya amani katika Misa, kazi haijaisha ikiwa anayetudai yuko nje akikaanga samaki.

Jumuiya yetu imekubaliana kwamba katika Kwaresima kila nyumba imalize kwanza deni la duka, la genge na la kibarua, hata kama sadaka itapungua. Wako waliohofia kwamba bahasha zitarudi nyepesi, nao walisikilizwa kwa heshima, lakini naamini kabisa kwamba uamuzi huo ni sahihi. Suala la mishahara ya wafanyakazi wa nyumbani halijapata mwafaka, kwa sababu kila mmoja analiona kuwa siri ya nyumba yake, nami nimeomba lijadiliwe tena katika mkutano ujao, wafanyakazi wenyewe wakiwepo.