Taswira mbili katika dirisha moja
Anayeshika Leica M3, kamera ya filamu iliyoanza kuuzwa mwaka 1954, hugundua mapema kwamba jicho lake halipiti kwenye lenzi hata kidogo. Hutazama kupitia dirisha la pembeni, na ndiyo maana niliwahi kupiga nusu ya mkanda huku kifuniko cha lenzi kikiwa mahali pake, bila kushuku lolote.

Katikati ya dirisha hilo kuna kiraka angavu, ambamo taswira ya pili, inayoletwa na kidirisha kingine kilicho upande wa pili, huelea juu ya ile ya kwanza. Unapozungusha pete ya lenzi, kigurudumu kidogo kinachogusa nyuma yake huisogeza taswira hiyo mpaka zote mbili zinapolingana, na hapo fokasi, yaani ukali wa picha, imepatikana. Mimi hutafuta mstari wa wima, kama ukingo wa mlango, kwa kuwa taswira husogea kwa mlalo.

Fremu, yaani mistari ndani ya dirisha inayoonyesha eneo litakalonaswa na lenzi ya milimita 50, 90 au 135, nazo huhama kadiri unavyofokasi, ili kufidia tofauti kati ya kionwacho na dirisha na kionwacho na lenzi. Kwa picha za maua ya karibu, hata hivyo, natumia kamera nyingine.