Shodo ilivyonisaidia kusoma mwandiko wa Kijapani

Kama unajifunza Kijapani na kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, zinakutoka kichwani mtihani ukiisha tu, shika brashi ujifunze shodo, yaani sanaa ya Kijapani ya kuandika kwa brashi na wino, mimi ndo iliyonitoa. Nilikuwa nasoma vizuri kwenye kitabu na kwenye simu, ila nikikutana na kitu kilichoandikwa kwa mkono, mfano menyu ya ukutani kwenye vimgahawa vya Japani, siambulii kitu. Nikajiunga na darasa la shodo kwenye kominkan, vile vituo vya jamii vya mtaani, wanafunzi wenzangu wengi walikuwa wazee wa hapo hapo na walinipokea vizuri sana.

Vifaa sio vingi. Fude ni brashi, nene ya kuandikia herufi na nyembamba ya jina lako pembeni kushoto, sumi ni wino, suzuri ni jiwe la kusagia wino, hanshi ni karatasi nyepesi ya kama sentimita 24 kwa 33, chini yake unatandika kitambaa kizito na juu unaweka kipande cha chuma isiteleze. Kwa kuanzia nunua wino wa chupa. Na vaa nguo nyeusi, wino ule ni masizi na gundi, ukikauka kwenye shati ndo basi tena.

Sensei, yaani mwalimu, alituanzishia 一, yaani moja, mstari mmoja wa kulala, na tulikaa nao muda mrefu kwa sababu kazi yote imo humo: unatua ncha kwa mshazari, unavuta bila kukandamiza, ukifika mwisho unasimama, unabonyeza kidogo halafu ndo unainua. Huko kusimama wanaita tome. Kuna hane, unarusha ncha kama ndoano, na harai, unavuta huku unainua taratibu mpaka mstari uishe mwembamba. Brashi inakaa wima, kiwiko kiko hewani, mkono mzima ndo unaoandika. Baadaye mnafika kwenye 永, herufi ya mistari mitano tu lakini inabeba mbinu zote 8 za msingi, ndo maana tangu zamani watu wanaifanyia mazoezi.

Sasa faida kwenye lugha. シ (shi) na ツ (tsu), herufi za sauti za katakana, zinasumbua karibu kila mwanafunzi, lakini kwa brashi zinaachana kabisa, kwenye シ mstari mrefu unaanzia chini kupanda, kwenye ツ unaanzia juu kushuka, na unaona kabisa ulipoanzia ni pazito na ulipoishia ni pembamba. Au 左 (kushoto) na 右 (kulia), juu zinafanana kabisa ila 左 inaanza na mstari wa kulala, 右 inaanza na ule wa kushuka kushoto. Mpangilio huu wa mstari upi unaanza ukiingia mkononi, mtu akiandika kwa gyosho, ule mwandiko wa haraka unaounganisha mistari, unaweza kufuata brashi yake ilikopita na ukasoma. Hata hiragana, herufi nyingine za sauti za Kijapani, zilitokana na kanji zilizoandikwa haraka haraka, 安 ikawa あ (a), 以 ikawa い (i).

Ushauri wangu, usisubiri darasa. Karatasi zikiisha tumia magazeti ya zamani, hata Wajapani wenyewe wanafanyia mazoezi humo, chagua kanji chache tu ulizosoma wiki hiyo, kila moja iandike kubwa na kwa mpangilio wake, usikimbilie nyingine mpaka mkono uende bila kuchungulia kitabu.