Zebaki kwenye karatasi ya manila

Wapenda anga tukikutana hatukawii kuingia kwenye vifaa: nani ana filta gani ya kupunguza mwanga wa Jua, kaagiza wapi, kalipa ushuru kiasi gani. Mimi nakata lenzi za miwani hapa Dodoma, kwa hiyo vioo ndiyo ugali wangu. Lakini siku sayari inapopita mbele ya Jua sitaki mtu aweke jicho kwenye darubini yangu. Nataka darubini imwage picha ya Jua kwenye karatasi, tuitazame hapo.

Sababu ni foleni. Tarehe 8 Juni 2004 sayari ya Zuhura ilipita mbele ya Jua, na sisi wa ukanda huu tulibahatika kuwa na mpito wote mchana kweupe, kuanzia saa mbili na robo asubuhi hadi karibu saa nane na nusu. Nilikuwa sekondari, Kondoa. Mwalimu wa fizikia aliazima kioo cha kuchomelea kwa fundi mageti, kile cheusi kabisa cha namba 14, akatupanga mstari. Shule nzima, kioo kimoja. Zamu yako ikifika unainua uso, unaona duara la kijani lenye kidoa cheusi, na hapohapo kiranja keshakupokonya. Mpito wa saa sita na ushee, mimi nikaambulia sekunde chache. Aliyekuwa nyuma yangu akaondoka akiapa kwamba hakuna kitu, tumedanganywa, na sikuwa na namna ya kumwonyesha kwa kidole.

Zuhura ilirudi alfajiri ya 6 Juni 2012. Jua lilichomoza ikiwa tayari imo ndani, na kabla ya saa mbili asubuhi ikawa imetoka. Mimi nilikuwa kwenye basi. Ijayo ni Desemba 2117, hiyo tuwaachie vitukuu.

Zebaki, ile sayari iliyo karibu kabisa na Jua, ndiyo inayotutembelea mara nyingi zaidi, ila ni ndogo mno. Kwa kioo cha kuchomelea huioni ng'o. Kwa hiyo tarehe 9 Mei 2016 nilitoa darubini yangu ya lenzi ya milimita 70 nikaitega nyuma ya duka. Nilitandika karatasi ya manila ndani ya katoni ya mafuta ya kula, nikachora duara la sentimita 15 kwa bikari, nikaziba kile kidarubini cha kulengea kwa gundi ya karatasi asije mtu akachungulia. Kulenga hakuhitaji jicho. Unatazama kivuli cha bomba chini, unasogeza hadi kiwe kifupi kabisa, na ghafla Jua linaruka lenyewe kwenye manila. Unarudisha katoni nyuma taratibu mpaka Jua lijae kwenye duara lako.

Saa nane na dakika 12 mchana ukingoni pakabonyea kidogo, na baada ya dakika chache kidoa kikawa kimeingia chote. Kwenye duara langu hakikufika hata milimita moja. Tatizo, siku hiyo Jua lilikuwa na madoa yake, na kila aliyekuja alinyooshea kidole doa lisilo lenyewe. Doa la Jua lina ukungu wa kijivu pembeni na umbo lake halina mpangilio. Zebaki ni duara safi, nyeusi tii. Mzee mmoja aliyefuata miwani yake ya kusomea akainama, akatikisa kichwa.

"Kijana, hili ni vumbi la kioo chako."

"Zungusha hiyo lenzi ya mwisho wewe mwenyewe, mzee wangu. Taratibu."

Akazungusha. Vumbi halisi, maana lilikuwepo, likazunguka pamoja na lenzi. Zebaki haikusogea. Mzee akaomba stuli, akakaa mpaka Jua linazama, na kila mteja aliyetokea ni yeye aliyemweleza. Hapo ndipo karatasi inapoishinda filta: watu sita wanatazama kitu kimoja kwa wakati mmoja, wanabishana, wanaoneshana.

Wala si ujanja wangu. Mwaka 1639 Jeremiah Horrocks, kijana wa miaka kama ishirini huko Lancashire, Uingereza, alikokotoa kwamba Zuhura ingepita, akaielekeza darubini yake kwenye karatasi ndani ya chumba chenye giza. Duara lake lilikuwa la inchi sita hivi, karibu sawa na langu. Alimwandikia rafiki yake William Crabtree, naye atazame kutoka upande wa Manchester. Mawingu yalimbana Crabtree hadi Jua lilipokaribia kuzama. Yalipofunguka alipigwa na butwaa, hakuwahi kupima kwa usahihi. Namwelewa kabisa.

Niseme na hili, kwa sababu kazini naulizwa kila mara. Miwani ya jua tunayouza haifai kutazamia Jua, hata ile ya bei mbaya. Filta hukaa mbele ya darubini, kamwe si upande wa jicho. Na hata ukitumia karatasi, usimwache mtoto peke yake na darubini iliyoelekezwa juani, na usitumie lenzi ya jichoni yenye sehemu za plastiki, itayeyuka.

Tarehe 11 Novemba 2019 Zebaki iliingia baada ya saa tisa na nusu alasiri. Safari hiyo Jua lilikuwa tupu, halina doa, kwa hiyo hakukuwa na ubishi. Jua lilizama Zebaki ikiwa karibu katikati kabisa, picha ikitetemeka kwa hewa ya jioni. Rafiki yangu wa Unguja alipata mvua tu.

Ijayo ni 13 Novemba 2032, na ni yetu yote: kutoka kabla ya saa nne asubuhi hadi baada kidogo ya saa nane mchana. Itaangukia Jumamosi, siku duka linapojaa kuliko zote. Bosi nimeshamwomba ruhusa. Kaniambia nimkumbushe 2031.