Kaa wa Uzi na kawa la bibi

Likizo hii nimewapeleka wanangu kisiwani Uzi kukamata kaa, na kabla gari haijafika Unguja Ukuu mkubwa keshanambia, "Baba, kaa unamwagia maji ya sabuni ya unga shimoni anatoka mwenyewe." Kaambiwa na mtu mzima huko mjini, mtu ambaye nna hakika kaa anamjua akiwa kwenye sahani tu. Nilikereka, wallahi. Sabuni mikokoni! Hata kaa ukimpata, vidagaa vinavyokulia mle umeviua.

Mie kanifundisha bibi, mzaa mama, na bibi hakutia mkono wake shimoni hata siku moja, ndo mana kaondoka duniani na vidole kumi. Mwenye kuchokoa mashimo alikuwa mjomba, ana nondo yake nyembamba kaikunja ncha, anaingia mikokoni maji yakikupwa, anaangalia shimo lenye tope jipya mdomoni, anapeleka chuma taratibu huku kainamisha sikio, kikigusa gamba unasikia "ko", hapo tena anamzunguka kwa nyuma na kumvuta. Sisi watoto tulikuwa hatuiwezi kazi ile, tope linafika magotini na ndara ukizivaa zinabaki huko huko.

Kwa hiyo sisi tukawa wa kamba. Kipande cha kamba ya usumba, jiwe dogo la kuzamishia, na chambo. Kwenye chambo hapa watu wanaharibu. Utumbo wa kuku kaa anaunyofoa mara moja kashaondoka zake. Bibi alikuwa anataka ngozi ya samaki taa, ngumu, kaa anaing'ang'ania anavuta na wewe unavuta, sokoni wanakupa bure au kwa vijisenti, na ikianza kunuka ndo bora zaidi ila usiiweke ndani.

Na wakati. Watu wanakwenda maji makavu kabisa halafu wanalalamika hamna kitu, sasa kaa kalala shimoni kwake atakufuata kwa nini? Wa kamba unamngoja maji yanapoanza kujaa, ndo anatoka kutafuta chakula. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku kwetu maji yanakupwa kwenye saa 4 asubuhi hivi, na kila siku yanachelewa kama dakika 50, basi hesabu mwenyewe. Hesabu na njia ya kurudi pia mana ile njia ya Uzi inapita katikati ya mikoko na maji yakijaa inafunikwa, utakaa upande wa pili na kaa wako mpaka yatoke.

Sasa tatizo la kamba, kaa anakuja vizuri tu mpaka karibu na juu, akiona mwanga au kivuli chako anaachia. Tukawapoteza wengi. Hapo ndo nikapata wazo la kawa, na mpaka leo nasema lilikuwa wazo zuri. Kawa la bibi la kufunikia chakula, la ukindu, lina nakshi za zambarau, jipya. Unaligeuza, unalipitisha chini ya kaa, unanyanyua. Nililitoa jikoni nimelificha ndani ya shati, naonekana nna mimba. Kufika pwani kawa halizami! Linaelea, tukalikandamiza watu watatu, likazama, kaa akaja juu yake kweli, tena dume la maana, sasa kunyanyua hakunyanyuliki mana limejaa maji na ukindu ule umesukwa hautoi hata tone. Tunavuta, kaa anazunguka mle ndani kakasirika, akaona hapa pana njia moja tu, akatia gando kwenye ukindu. Alitoka na kipande. Bibi hakunipiga. Alilitumia kawa lile lile na tundu lake kila akija mgeni, na kila mgeni anaambiwa, "Muulize mume wangu huyo, yeye ndo fundi."

Mjomba ndo akatupa dawa, waya kaukunja duara, kashonea kipande cha chandarua kibovu, kautia mpini wa ufito. Maji yanapita, kaa anabaki. Hicho ndo nimewatengenezea na wanangu, waya nilikuwa nao nyumbani kwa hiyo sijui hata bei.

Ukibanwa sasa. Binamu yangu mmoja wa Ng'ambo alibanwa kidole cha shahada, na kila mtu ana ushauri wake, vuta, piga jiwe, kata gando. Wakalivunja gando. Kaa kaenda zake, gando limebaki kidoleni na linabana vile vile! Mtoto analia anakimbia pwani nzima na gando linaning'inia, mpaka bibi kamkamata, kashika ule ukucha wa gando unaochezacheza, kaupinda nyuma, basi. Kama kaa bado mzima usivute, mrudishe majini na mkono wako utulie, mara nyingi akijiona yuko kwake anaachia.

Kumshika ni kwa nyuma, pale kwenye ile miguu miwili bapa anayoogelea. Mkandamize kidogo kwa kijiti mgongoni, mpitishe kamba magando yote mawili, funga. Halafu mgeuze. Kifuniko cha tumbo kipana cha duara ni jike, chembamba chenye ncha ni dume, na jike lenye mayai bibi alikuwa analirudisha, hataki majadiliano. Bonyeza gamba chini kwa dole gumba, likibonyea ndani hana nyama huyo, kajivua gamba juzi juzi.

Mwanangu mdogo wa kike kauliza kama tutawaona wale kaa wakubwa wanaopanda miti, kawasikia skuli. Hao nenda ukawaangalie kisiwani Chumbe, na hawaguswi.

Tulipata wa kutosha chungu kimoja, sihesabu mbele ya watu. Mjini kilo moja wanakutajia bei ya kukufanya ule dagaa. Tumewapika kwa tui zito, ndimu, pilipili mbuzi, magando tukayavunja kwa mchi, wali pembeni. Mke wangu anatia bizari nyingi mno, inaua ladha ya kaa, hilo nimelisema na sijasikilizwa.