Mfuko wa dawa uliwashinda washauri wangu

Nilipokabidhiwa kazi ya kuunda kikosi cha kuwafuatilia majumbani wagonjwa wenye maradhi zaidi ya moja, kila mtu aligeuka mshauri. Ushauri ulioniudhi kuliko yote ni ule wa "anzeni na programu ya kompyuta". Aliyeutoa ndiye aliyeshika fungu la fedha, tukaanza nayo. Muuguzi anakaa na tabuleti mapajani, anauliza huku anajaza, na mgonjwa anajibu "ndiyo" kwa kila kitu ili wageni waondoke. Dawa unameza kama ulivyoelekezwa? Ndiyo. Chumvi umepunguza? Ndiyo. Kwenye skrini kijani kitupu. Wiki haijaisha, kalazwa tena.

Nikaweka tabuleti pembeni. Siku hizi tukifika hatuulizi lolote kuhusu dawa. Tunasema tu: "Mama, tuletee dawa zote zilizomo humu ndani, hata za zamani, hata za kupewa na jirani." Hapo ndipo utaona maajabu. Mama mmoja mwenye moyo dhaifu alimwaga mfuko mezani: vidonge vya kukojoza maji kutoka kliniki ya moyo, chini yake diclofenac, dawa ya maumivu aliyojinunulia kwa ajili ya magoti. Diclofenac huzuia chumvi na maji mwilini na kuzitesa figo, kwa hiyo huku anayatoa maji, huku anayarudisha. Kumbe miguu ingeachaje kuvimba! Mfukoni humo mlikuwa na paketi mbili za glibenclamide, dawa ya kushusha sukari, zenye majina tofauti ya kibiashara, naye akizimeza zote. Kile kizunguzungu cha alfajiri kilikuwa sukari kushuka. Kliniki alizohudhuria zilikuwa tatu na hakuna hata moja iliyowahi kuuona mfuko mzima. Daktari akapigiwa simu palepale.

Kutafuta wahudumu wa afya ya jamii na kuwafundisha kupima presha sina haja ya kueleza. Gharama? Nauli na simu, basi. Programu ile ilimeza zaidi ya hivyo vyote. Ila kila mgonjwa awe na mtu wake mmoja anayejulikana kwa jina, na ziara ya kwanza ifanyike siku chache tu baada ya kutoka wodini.

Bosi alipotaka kutangaza kwamba tumepunguza kulazwa, nilimzuia. Mjini Camden, New Jersey, mpango maarufu wa namna hii ulijaribiwa kwa wagonjwa 800 waliogawanywa kwa bahati nasibu, wa kuhudumiwa na wa kulinganishwa nao, matokeo yakachapishwa 2020: ndani ya siku 180, waliohudumiwa walirudi hospitali asilimia 62.3, wasiohudumiwa 61.7. Ukichagua watu wakiwa hoi kabisa, wengi watapata nafuu hata usipowagusa. Bosi alinuna. Sasa tunawalinganisha wagonjwa wetu na walio kwenye orodha ya kusubiri, na majedwali nayachora mwenyewe, kwa mkono.